Maswali ya Karakana: Kianzio, mbao za "kavu kabisa" na bei ya Keko

Mafundi na wenye karakana ndogo wa Dar es Salaam wameandika mengi safari hii. Barua nimezifupisha, majibu sikuweza kuyafupisha yote.

Shikamoo fundi. Natengeneza sinia za mninga nyumbani Tabata, moja nauza 35,000. Zinaisha haraka sana, lakini mwisho wa mwezi sioni hela. Inakwenda wapi? – Dada wa Tabata

Marahaba mdogo wangu. Sinia zikiisha haraka hivyo, bei yake ni ndogo, hilo tulimalize kwanza. Halafu tuhesabu. Nitatumia tarakimu za mfano, wewe weka zako.

Tuseme mbao ya sinia moja ni 9,000. Gundi, msasa na klia (vanishi isiyo na rangi) 4,000. Luku, pamoja na ujira wa kupitisha mbao kwenye mashine ya randa ya jirani, 2,000. Mfuko na bodaboda 3,000. Hiyo ni 18,000, inabaki 17,000, na nadhani ndiyo unayoiita faida. Sasa niambie, sinia moja inakula saa ngapi ukijumlisha kupima, kukata, kuunga, kupiga msasa mara tatu na kupaka mara mbili? Kama ni saa 6, basi unajilipa kama 2,800 kwa saa, na kodi ya pango bado hujaigusa.

Tena hapo hatujafika kwenye mabaki. Ubao wa mninga wa futi 12 haukupi futi 12 za sinia. Ncha zina nyufa, katikati kuna kifundo, na ukingoni kuna ule weupe ambao bungua wanaupenda kuliko sehemu nyekundu. Ukiuacha ule weupe kwenye kazi, baada ya miezi utarudishiwa sinia yenye vitobo na unga. Mimi robo ya ubao huihesabu imepotea kabla sijashika msumeno. Kwa hiyo mbao yako ya 9,000 kwa kweli ni 12,000.

Panga upya: vifaa 21,000, saa 6 kwa 4,000 ni 24,000, na sehemu ya kodi 2,000 hata kama unafanyia barazani kwenu. Jumla 47,000. Hapo umejilipa ujira wa fundi tu, biashara haijapata kitu. Ukiuza 55,000 ndipo inabaki 8,000 ya kununulia patasi nyingine.

Usiwatangazie wateja kwamba umepandisha bei. Toa sinia mpya yenye mishikio tofauti, iwe na bei yake mpya, zile za zamani ziishe taratibu. Na acha kutengeneza moja moja. Kata nane kwa mpigo, ziunge zote jioni, gundi ikauke usiku wewe umelala. Saa 6 hizo zitapungua bila wewe kukimbia. Tundika saa ukutani na uandike muda kwa penseli kwenye kipande cha plaiwudi, maana fundi anayekisia muda wake hujipunja kila mara.

Mteja alinipa nusu ya hela ya kabati. Mwenye nyumba akaja kudai kodi ya fremu ya karakana, nikalipa kwa hela hiyo. Nasubiri oda nyingine ninunulie mbao za huyu. Ameshaanza kupiga simu. – Fundi, Mbagala

Hapa ndipo jina la mafundi wa mji huu lilipochafukia. Watu wanasema fundi mwongo, "kesho, kesho kutwa", wakidhani ni tabia. Mara nyingi ni hesabu tu: hela ya kabati la huyu imemaliza meza ya yule, na yule wa nyuma atamlipia wa mbele, hadi siku oda zikikatika wote wanakutana mlangoni kwako.

Kaka, mpigie leo kabla hajapiga yeye. Mwambie kabati litachelewa na umpe tarehe utakayoiweza, siyo ile anayotaka kuisikia. Kisha tafuta hela ya mbao popote isipokuwa kwenye kianzio (hela ya mwanzo) cha mteja mpya. Kama kuna muuzaji wa mbao Manzese au Buguruni anayekufahamu, mwombe akupe za fremu ya kabati kwanza, milango ifuate. Kama huna anayekuamini kiasi hicho, uza kilichokaa dukani kwa bei ya hasara kidogo. Inauma, ila inaisha.

Kuanzia sasa kianzio ni hela ya mbao, nukta. Siku ileile inapoingia, nenda kanunue, andika jina la mteja kwa chaki juu ya ubao, piga picha, mtumie. Picha hiyo inampa usingizi, na wewe inakufunga mikono. Kwa kazi kubwa mimi hupendelea malipo matatu: 60 kwa 100 mwanzoni, 30 mteja akishaona kabati limesimama kabla ya rangi, 10 siku ya kufikisha. Akiona kabla ya rangi, ugomvi wa "sikutaka hivi" unaisha mapema, wakati bado randa inaweza kurekebisha. Ukiweza, kianzio kikae kwenye laini ya simu tofauti na ile unayonunulia chakula.

Na muandikiane. Karatasi moja inatosha: vipimo, aina ya mti, rangi, tarehe, nani analipa kirikuu ya kusafirishia, na mteja akibadili mawazo katikati itakuwaje.

Nilimtengenezea mteja wa Dodoma meza ya mninga. Miezi miwili tu imepasuka katikati. Muuzaji aliniapia mbao ni kavu kabisa. – Keko

Muuzaji huenda hakukudanganya. Mbao kavu ya Dar si kavu ya Dodoma. Mbao hunywa na kutoa unyevu kufuata hewa iliyopo. Pwani, na bahari hii hapa, mbao iliyokaa kivulini muda mrefu hutulia kwenye unyevu wa asilimia kama 14. Dodoma wakati wa kiangazi hushuka hadi karibu 10. Tofauti hiyo ndiyo iliyoibana meza yako.

Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Sasa kumbuka ulivyoifunga. Nahisi ulipiga skrubu za kubana kupitia fremu ya chini, labda na gundi juu yake. Uso wa meza ulipotaka kujivuta, fremu ikaukatalia, ukapasuka pale palipo dhaifu. Uso wa meza hufungwa kwa namna inayouacha usogee: matundu ya skrubu yawe marefu kama kokwa ya tende, au tumia vipande vya mbao vyenye ulimi unaoteleza kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya fremu. Gundi kati ya uso na fremu, usithubutu.

Usiirudishe meza Dar kuitengeneza. Ikifika hapa itavimba, ufa utajifunga wenyewe, utaupaka vanishi ukifurahi, na ikirudi Dodoma utafunguka tena. Nenda kaifanyie kazi hukohuko, au mtafute fundi wa kule: fungua skrubu, panua matundu, safisha ufa, tia gundi, bana kwa klampu.

Kuhusu kupima ukavu, kipima unyevu cha mkononi ni kizuri, ukikiona Kariakoo kinunue. Usipokuwa nacho, kata kipande kidogo mbali na ncha ya ubao, kipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu. Tuseme kina gramu 230. Kiweke kwenye ovena ya moto mdogo, nyuzi 100 hivi, ukitoe na kukipima kila baada ya saa chache hadi uzito usishuke tena. Kikisimama kwenye 200, umepoteza 30, na 30 ukigawa kwa 200 ni asilimia 15. Kwa meza ya kukaa Dar, endelea. Kwa meza ya Dodoma, mbao zako zipange hukohuko Dodoma juu ya vijiti, hewa ipite katikati, uzisubiri, maana hapa Dar zitagota kwenye ile 14. Na wakati wa mvua usitarajie zikauke.

Nipake vanishi gani kwenye vibao vya kukatia na miiko? – Kimara

Usipake yoyote. Kisu kitaibandua na vipande vitaingia kwenye kachumbari. Nenda duka la dawa, ulizia likwidi parafini, yale mafuta meupe ya kunywa. Yapashe moto ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji, uyeyushe humo nta ya nyuki, sehemu 4 za mafuta kwa 1 ya nta. Paka, acha usiku kucha, futa. Mafuta ya nazi yanapendeza siku ya kwanza lakini yanachacha, na ya alizeti yananata.

Wapo wanaotumia mafuta ya kitani kwenye samani. Ni mazuri kwa samani, lakini yale ya "boiled" yana dawa za kukausha, yasiguse vyombo vya chakula. Na vitambaa ulivyopakia usivirundike pembeni ya karakana. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Kuna mbao za mkongo zinakuja usiku kwa fuso, bei karibu nusu. Hazina karatasi. Ninunue? – Gongo la Mboto

Hapana. Mbao halali huja na hati ya kusafirishia ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), ile TP, na huwa zimegongwa nyundo ya serikali. Fuso likishashusha na kuondoka, anayebaki na mbao ni wewe mwenye karakana. Tena mbao za namna hiyo kwa kawaida ni mbichi, na umesoma hapo juu mbichi hufanya nini.

Kama bei ya mninga na mkongo inakushinda, angalia msaji wa mashamba ya miti ya Longuza au Mtibwa. Mwembe nao ni mti mzuri unaodharauliwa, ila upasuliwe na kupangwa haraka baada ya kukatwa, ukichelewa ukungu na bungua watakutangulia.

Mteja wangu anarudi Ujerumani na bakuli na vijiko vya mpingo nilivyomchongea. Anauliza kama atasumbuliwa uwanja wa ndege. – Mwenge

Mpingo umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Lakini vitu vilivyokamilika, mzigo mmoja usiozidi kilo 10 za mti huo, havihitaji kibali cha CITES. Bakuli na vijiko havifiki huko. Sheria za ndani za kutoa mazao ya misitu nchini ni suala jingine, kwa hiyo apite ofisi ya TFS siku kadhaa kabla ya safari, asisubiri foleni ya ukaguzi. Wewe mpe risiti inayotaja kitu, mti na uzito. Na hakikisha hakuna kipande chenye gamba wala kitobo cha bungua.

Mteja kaniambia kitanda kama changu Keko anakipata kwa laki tatu. Nimpunguzie? – Kijitonyama

Mwache aende Keko. Sisemi kwa hasira, mafundi samani wa Keko wanauza vitanda vizuri tu. Kule mmoja hukata miguu, mwingine hupiga msasa, mwingine spreyi, na mbao zinanunuliwa kwa wingi. Wewe peke yako hutashinda bei hiyo, utajimaliza ukiijaribu. Mwonyeshe kiungo cha ulimi na tundu pale mguu unapokutana na ubavu, mvutie droo aone inavyoteleza, kisha nyamaza. Akitaka bei ya chini, punguza kitu: toa droo, badili mninga kwa paini. Bei ikishuka na kitanda kikabaki kilekile, atajua ulikuwa unamwibia.

Maranda yamejaa karakana nzima, nachoma kila Jumamosi na majirani wanalalamika. – Yombo

Unachoma hela, mzee wangu. Weka kibao nje, "Maranda yapo", wafuga kuku watakuja wenyewe na viroba. Yawe makavu, na usichanganye ya mbao zilizopakwa dawa wala ya MDF, zile mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi. Ule unga mwembamba wa msasa usiwape kuku, na wewe pia usiuvute: vumbi la mbao limo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya pua. Kitambaa cha kufunga usoni hakitoshi, nunua barakoa ya N95.