Fildi wizarani Dodoma: usiidharau masjala

Mdogo wangu, unasema umepata barua ya fildi (mafunzo kwa vitendo) wizarani, Mji wa Serikali Mtumba, wiki nane bila posho, na waliokutangulia wamekutisha kwamba utaishia masjala, ofisi ya kupokea barua na kutunza majalada, kupanga mafaili. Nenda.

Mimi nilianzia hukohuko masjala, nikanuna wiki nzima. Kumbe ndiko wizara inakosomeka. Barua huandikwa kwa Katibu Mkuu, hata kama inamlenga afisa wa chini kabisa. Inagongwa muhuri wa kupokelewa, inapewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, inaingia jaladani, kisha inashuka kwa mkurugenzi hadi kwa afisa anayeandaa dokezo, yaani andiko la ndani la kuwashauri wakubwa. Fuatilia jalada moja mpaka jibu lisainiwe. Halafu omba, kwa adabu, uandike rasimu ya dokezo. Yangu ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu kama shuka la Mmasai.

Karatasi za ofisi usizipige picha, hata uone ni za kawaida. Majalada ya siri usiyaulizie.

Ukiweza, anza Julai. Bunge la bajeti linakuwa limekwisha na mabosi wanapatikana. Mei utawaona wakikimbia tu.

Kuhusu hela, tafuta chumba upande wa Ihumwa, jirani na Mtumba. Ukipanga mjini, nauli itakumaliza. Na kile kitabu cha fildi kijaze kila jioni, msimamizi asaini kila Ijumaa, maana akipata safari ya kikazi ghafla utamtafuta hadi visigino viishe.