Usipake jeli ya homoni ya mwanaume
Pole sana dada angu, umesema hedhi imekata mwaka wa pili huu, hamu ya tendo imeisha kabisa na shoga yako anakwambia upake jeli ya testosteroni (homoni ya kiume) ya mumewe, tafadhali usiiguse! Dozi ya mwanamke ni kama sehemu 1 ya 10 ya mwanaume, ukizidisha unaota ndevu na chunusi, na sauti ikishakuwa nzito inaweza isirudi. Dawa yenyewe kweli inasaidia baadhi ya waliokoma hedhi, ila iwe kwa daktari wa wanawake, unapimwa damu kabla na baada ya wiki 3 hadi 6, miezi 6 ikipita bila nafuu unaacha. Na mwambie daktari kama unaumia kwa ukavu wa uke, maana hapo krimu ya estrojeni (homoni ya kike) ya kupaka ukeni ndo inafaa zaidi, alafu mtajie dawa zote unazokunywa hasa za sonona.