Kuhifadhi kunde za kuuza nje
Kwa aliyeuliza kama anyunyizie dawa kunde zake akisubiri bei ya wanunuzi wa nje: tafadhali usinyunyizie. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulizuia maharage makavu ya Nigeria, kunde zikiwemo, kwa sababu ya mabaki ya diklovosi, dawa ya kuua wadudu, na wakulima wasio na hatia wakaumia.

Fukusi hutaga mayai kwenye maganda yangali shambani, kwa hiyo usichelewe kuvuna. Anika, kisha tikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, kunde bado zina unyevu; zirudishe juani. Zikikauka, tumia mfuko wa PICS, yaani mfuko wa matabaka matatu unaowanyima fukusi hewa: kamua hewa, funga kila tabaka peke yake, yote matatu. Tundu moja la panya linatosha kuwarudishia fukusi hewa.