Kabla hujasema sanaa ni kujieleza

Kila anayekuja Bagamoyo kusoma sanaa huulizwa mapema, "Sanaa ni nini?" Na karibu kila mgeni hujibu vilevile: ni mtu kutoa yaliyo moyoni mwake. Jibu si baya, ila limebeba dhana ambayo wengi hawajaikagua, kwamba ndani yako kuna nafsi iliyokwisha kukamilika, yenye mambo yake tayari, na kazi ya ngoma, kinyago au igizo ni kuyatoa nje tu. Wadogo zangu, sehemu kubwa ya falsafa ya sanaa ni ugomvi juu ya dhana hiyo. Mkilijua hilo mapema, majina ya kigeni hayatawatisha, maana mtakuwa mnajua wenyewe wanagombania nini.

Msianze na vitabu. Anzeni na wachongaji. Wapo hapa mjini wanaofanya kazi hadharani, chini ya mabanda, na mtu akisalimia vizuri na kukaa bila haraka hafukuzwi. Tazama gogo la mpingo linavyoanza. Nje lina tabaka jembamba lenye weupe wa kimanjano, ndani kuna kiini cheusi, na kiini hicho aghalabu hakikunyooka: kinapinda, kina mashimo, kina nyufa. Anayechonga vinyago vya mashetani hana mchoro pembeni. Anapiga tezo, anageuza gogo, analitazama, anapiga tena. Penye tundu pataweza kuwa jicho au mdomo. Mwambie "Shikamoo mzee, hapa tutegemee nini?" na usishangae akikujibu kuwa bado hajaona. Hatua mbili kutoka hapo kijana anapiga msasa twiga wa oda, wote sawa, na huyo anajua tangu asubuhi twiga wake watakuwaje.

Hapo umeshamsoma R. G. Collingwood kabla hujafungua ukurasa. Mwaka 1938 mwanafalsafa huyo Mwingereza aliandika kwamba ufundi ni kutengeneza kitu ambacho mwisho wake umeujua kabla ya kuanza. Sanaa kwake ni jambo jingine: msanii huanza na msukosuko ndani yake ambao hawezi kuutaja, na anaujua kadiri kazi inavyokwenda. Kwa hiyo kujieleza kunakuwa njia ya kujifahamu. Kabla ya kinyago hapakuwa na hisia yenye sura, iliyokaa ikisubiri kutolewa. Hoja hii inatosha kulitikisa jibu la mgeni, lakini msiimeze nzima. Yule mzee naye ana mteja, ana mikono iliyofunzwa na waliomtangulia, ana kaida za mtindo wake. Na kijana wa twiga, ukimtazama kwa makini, utakuta shingo ya mmoja imepata mkunjo ambao hakuna aliyeuagiza. Collingwood mwenyewe alikubali kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa ufundi na sanaa kwa pamoja. Wanaomfundisha mbiombio ndio hulisahau hilo.

Sasa nendeni Mji Mkongwe wa hapahapa Bagamoyo, mkachague mlango mmoja wa nakshi. Mmoja tu. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, ukiwa na daftari, na uandike unachokiona kabla hujaandika unachokijua. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika. Kuna mfaa katikati, umechongwa toka juu hadi chini. Kuna maua ya duara kwenye kizingiti cha juu. Pembeni mwa fremu mnyororo unashuka, pete ndani ya pete, na ukitazama vizuri utaona pete hazilingani, maana zimechongwa kwa mkono. Mti umepauka upande unaopigwa na jua, na kule chini, miguu ya watu inakopita, nakshi imelika.

Dakika chache hazitapita kabla akili haijaanza kuuliza: mwenye nyumba hii alipata wapi fedha? Karne ya 19 Bagamoyo palikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilifika hapa mabegani mwa wapagazi, watu waliotekwa walifika wamefungwa, kisha majahazi yakavuka kwenda Unguja. Mlango ni mzuri, lakini kwa gharama ya nani?

Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, aliliona swali hilo linakuja. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 anatoa mfano wa kasri. Mtu akiulizwa kama kasri ni zuri, anasema Kant, anaweza kujibu kwamba hapendi vitu vilivyojengwa ili watu wabaki wamekodoa macho. Anaweza kujibu kama chifu mmoja wa Wairokwoi, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, ambaye mjini Paris hakupendezwa na chochote kuliko sehemu za kuuzia chakula. Au anaweza kuwalaani wakubwa wanaotumia jasho la watu kwa mambo yasiyo na haja. Kant anayakubali yote hayo, kisha anasema silo lililoulizwa. Lililoulizwa ni kama kule kukitazama tu kitu hicho kunanipendeza, bila kujali kitanifaa nini, au hata kama kipo kweli.

Angalieni nafsi imefanywa nini hapo. Nikisema pweza wa kukaanga ni mtamu, yafaa niongeze "kwangu mimi". Kant anatoa mfano huohuo kwa mvinyo wa visiwa vya Kanari. Lakini nikisema mlango huu ni mzuri, siongezi "kwangu". Nadai kila mtu akubali, ingawa sina kanuni ya kumthibitishia. Kwa Kant, ninaposema hivyo nimeweka kando njaa yangu, mali yangu na chuki zangu, na ninasema kama mtu yeyote angesema. Furaha yenyewe inatoka katika ubunifu na fahamu kucheza pamoja kwa uhuru, pasipo mmoja kumtawala mwenzake.

Je, mjukuu wa mpagazi anaweza kusimama mbele ya mlango ule na kuwa "mtu yeyote"? Hapa darasa huchemka, na acheni lichemke. Mimi naona Kant yuko sahihi kwamba maswali ni mawili. Mwanafunzi anayeandika "ni wa wafanyabiashara wa watumwa, kwa hiyo ni mbaya" hajautazama mlango. Anayeandika "ni mzuri" akafunga daftari naye hajautazama. Rudini kwenye ule mnyororo. Mtu mmoja atakwambia ni alama ya utumwa, mwingine atakwambia umewekwa kuilinda nyumba. Nakshi haikuachiwa maelezo. Fanya hivi: mtazame mnyororo kabla ya kuambiwa lolote, kisha baada ya kuambiwa la kwanza, kisha baada ya la pili, na kila mara uandike. Utakuta pete ni zilezile lakini jicho limehama. Insha inayoanzia kwenye mabadiliko hayo ya jicho nitaisoma hadi mwisho, hata kama Kiswahili chake kinachechemea.

Kosa jingine la wageni ni kudhani mtazamaji husimama peke yake siku zote, kimya, kama mtu aliye mbele ya picha ukutani. Vitabu vingi vya Ulaya vinamchukulia hivyo. Subirini siku ngoma ya mdundiko ipite mtaani. Kwanza majani makavu yanawashwa na ngozi za ngoma zinapashwa moto mpaka mlio ukaze. Kisha msafara unaanza kutembea, na anayetazama mlangoni kwake baada ya muda mfupi yumo ndani. Mwanafalsafa Friedrich Nietzsche angefurahi. Mwaka 1872 aliandika juu ya ulevi wa Dionysos, mungu wa mvinyo wa Wagiriki, ambapo ukuta kati ya mtu na mtu unabomoka na mchezaji anaacha kuwa msanii, anageuka kuwa kazi ya sanaa yenyewe.

Inavutia, lakini mtazameni yule mama aliye mbele, khanga imekazwa kiunoni. Anapisha bodaboda, anamkonyeza shoga yake, na pigo la chapuo halimpiti. Huyo hajapotea popote. Kwa hali yake mimi namtegemea zaidi Hans-Georg Gadamer, aliyeandika mwaka 1960 kwamba mchezo ndio unaowacheza wachezaji. Mchezaji anabaki na akili zake zote, ila usukani umeshikwa na mchezo. Wenzangu wawili hawakubaliani nami. Wanasema nimemtazama mama mmoja na kusahau wanaofika mahali wasijue walipo. Huenda. Mkija, mtupe ushahidi wenu.

Iris Murdoch, mwanafalsafa na mwandishi wa riwaya, hana makelele hayo. Katika maandiko yaliyokusanywa mwaka 1970 anaeleza jinsi alivyokuwa dirishani, amekasirika, anawaza heshima yake iliyoguswa, mara akamwona kipanga amesimama angani akipiga mbawa. Kwa muda ule ile nafsi yenye kinyongo haikuwepo, na aliporudi kwenye jambo lake lilikuwa limepungua uzito. Arthur Schopenhauer alikuwa amesema jambo linalokaribiana na hilo kabla yake, kwa maneno mengi zaidi na kwa huzuni nyingi zaidi. Someni Murdoch kwanza.

Kuhusu mpangilio wa kusoma: anzeni na Plato, kitabu cha kumi cha Jamhuri, kwa sababu ni kifupi na kina hasira. Anasema hata walio bora kati yetu, wakimsikia Homer akiigiza shujaa anayelia, hufurahi na kujiachia, ilhali nyumbani msiba ukiwafika wangeona haya kulia hivyo. Aliogopa kwamba machozi ya jukwaani hulisha sehemu dhaifu ya nafsi. Anayesomea uigizaji hana budi kumjibu. Aristotle alijaribu, kwa neno moja juu ya kutakasika, na hakulifafanua. Msikubali mtu awaambie kwa uhakika alimaanisha nini. Halafu insha ya David Hume ya 1757 juu ya kipimo cha ladha, mnaisoma jioni moja. Kisha kitabu cha John Dewey cha 1934, sura tatu za mwanzo, hasa yeyote anayejifunza chombo: anaonyesha kwamba kutenda na kutendwa huenda pamoja, na anayejua kiganja kinavyojibiwa na ngozi ya ngoma atamwelewa upesi. Kile kitabu cha Kant cha 1790 kisomeni wawili wawili, kifungu kimoja kwa kikao, hadi kile cha 22, na kila kifungu mkijaribishe kwenye mlango wenu. Hegel asubiri mwaka wa pili.