Chagua bamvua, kisha ndiyo upange saa

Umeuliza uende ufukweni saa ngapi na mashine yako ya kutafutia metali. Mimi ningeanza na jedwali la maji kupwa na kujaa, saa ningeipanga baadaye. Chagua siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu na siku moja mbili zinazofuata. Hapo maji hupwa mbali na kuacha wazi mchanga usioufikia kabisa siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu.

Fika kama muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, uteremke nayo yanavyorudi. Usiharakishe kwenye vibonde vyenye changarawe na makombe. Pete na sarafu, kwa uzito wake, hukwama humo. Mchanga uliolowa chumvi huifanya mashine ilie ovyo, basi ipunguze wepesi wa kuhisi mpaka itulie.

Maji yakianza kujaa, rudi. Nakusihi usibaki kwenye fungu la mchanga: maji hupita mferejini nyuma yako kabla hujayaona.

Ukirudi kesho yake, ongeza kama dakika 50, maana maji huchelewa kila siku. Na mashimo yako yafukie, watu hutembea hapo.