Muulize kwanza: marehemu aliacha watoto wangapi?

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikamwekea na baba yako, kisha nikaona jambo hili si la kujibu kwa simu huku mtu anageuza samaki jikoni. Nakuandikia.

Umenambia umepata nyumba Fuoni, vyumba vitatu na ukumbi, banda uani, muuzaji kijana mpole, karatasi ya sheha, mkuu wa mtaa, anayo, bei iko chini kuliko zote ulizokwisha kuziona. Na dalali anataka arbuni, fedha ya kutanguliza, kabla ya Ijumaa kwa sababu kuna mtu yuko Dubai anaitaka. (Huyo mtu wa Dubai nimemsikia tangu sijaolewa. Hajanunua nyumba hata moja.) Unauliza, nitoe?

Usitoe.

Sisemi nyumba ni mbaya, sijaiona. Lakini katika dakika sita zote hukunambia ilikuwa ya nani kabla ya huyo kijana. Ulisema tu "ya urithi", ukapita. Neno hilo ndilo lililonikaa kooni.

Hii nyumba yetu ya Wete, hapa Pemba, tuliinunua hujazaliwa, kaka yako bado namfunga mgongoni. Aliyetuuzia alikuwa mtu mzima, wa safu ya mbele msikitini, baba yako anamjua. Karatasi ikaandikwa, mashahidi wakatia saini, tukahamia. Mwaka wa pili, msimu wa karafuu, nimeanika majamvi mbele ya mlango, nachambua makonyo, akaja mama mmoja na kikapu cha ukili. Hakupiga hodi. Alivua viatu, akakaa barazani, akalitazama komeo la mlango, akasema, "Hili alilitia baba yangu." Nikampa maji. Alipokwisha kunywa ndipo aliponambia kuwa yeye ni dada wa aliyetuuzia, anakaa Tanga, na habari kwamba nyumba imeuzwa aliipatia msibani, kwa watu.

Mama yao alitangulia kufa. Baba akaacha watoto wawili tu, mwanamume na mwanamke. Hesabu yake unaijua tangu chuo cha Kurani: mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Maana yake theluthi ya nyumba niliyokuwa nikiifagia kila asubuhi haikuwa ya aliyeniuzia. Baba yako alimwendea yule bwana. Fedha keshanunulia chombo cha baharini na kuolea mke wa pili. Kesi tungeweza kufungua, lakini yule mama alikuwa na haki yake na mimi nilishindwa kumtazama usoni. Karafuu za msimu ule, nilizokuwa nimezipangia bati, zote zilikwenda kwake. Bati tuliezeka miaka minne baadaye, na lile doa la maji ukumbini mnalolicheka mkija sikukuu ni la miaka hiyo.

Kwa hiyo taka kuona karatasi ya mirathi, ya mahakama ya Kadhi au ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyotaja warithi wote. Kila mmoja atie saini, hata aliyeko Oman, hata yule anayesemwa "huyo hana neno". Kama hana neno, saini haitamchosha. Ukisikia miongoni mwao kuna mtoto mdogo, simama kabisa mpaka ujue nani anamsimamia na kwa idhini ipi. Na ulizia kama si wakfu, maana wakfu hauuzwi hata warithi wote wakikubaliana.

Karatasi ya sheha nayo usiifanye zaidi ya ilivyo. Inaonyesha kuwa sheha anawajua na mmeandikiana mbele yake. Haithibitishi kuwa kiwanja ni cha huyo kijana. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, sheria ya 1992 imeliweka hilo wazi, na wewe unachonunua ni nyumba na haki ya kuitumia ardhi iliyo chini yake. Haki hiyo ikihama mkono, ipo Bodi ya Uhaulishaji ya kuipitisha, tangu sheria ya 1994. Nenda mwenyewe Kamisheni ya Ardhi, usimtume dalali, uulize kiwanja kina hati, kina ramani, na bikoni za mipaka ziko wapi. Mashamba mengi pembezoni mwa mji yalikuwa eka tatu, watu walipewa baada ya Mapinduzi walime, wakayakatakata vipande wakauziana kienyeji. Watu wanaishi humo na hawajafukuzwa, najua. Lakini lazima ujue unanunua kipi kati ya hivyo viwili, kiwanja chenye hati au kipande cha eka, na bei ifuate.

Uani kuna mti? Usicheke. Kwetu mtu huuza shamba akabaki na mikarafuu yake. Kama pana mwembe au mnazi, liandikwe kwenye mkataba kuwa umo.

Nyumba yenyewe iendee siku ya mvua kubwa. Unakumbuka Mwanakwerekwe barabara ilivyokuwa ikigeuka ziwa kila masika? Angalia ukuta wa nje karibu na msingi kama pana mstari wa maji uliopakwa rangi juu yake. Rangi mpya ya chini tu, nusu ya ukuta, ina sababu. Kisha toa ufunguo wako ukwaruze lipu pahala pasipoonekana. Ikimwagika kama unga wa muhogo, na ukiona weupe wa chumvi, walijengea mchanga wa pwani. Nondo zilizomo humo zinaliwa na kutu na huzioni. Karo la choo lifunuliwe. Wataona haya, wewe usione.

Fedha. Huko benki wanakokununulia nyumba kisha wakakuuzia kwa faida, ili uepuke riba, ni sawa kwangu. Ila waambie wakuandikie jumla yote mpaka mwisho, si ya mwezi tu.

Na hili nililiweka nyuma kwa sababu ni zito. Mumeo simsemi vibaya. Ananiamkia vizuri kuliko wanangu. Lakini umenambia nusu ya fedha ni mshahara wako wa skuli na dhahabu uliyouza, halafu ukasema mkataba "utaandikwa jina lake tu, ndiyo kawaida." Kawaida ya nani? Fedha zako zikiwemo, jina lako liwemo, na kiasi cha kila mmoja kiandikwe. Mwambie mama ndiye aliyesema. Lawama nitazibeba mimi, niko mbali.

Fedha zangu za karafuu nilizokuahidi zipo, nimezitenga. Nakuja kwa boti wiki ijayo, in shaa Allah, nikae kwenye baraza za hao majirani wa Fuoni, maana watu wazima hunambia mimi yasiyoandikwa. Mpaka nifike, swali moja tu mpelekee yule kijana, kwa upole: marehemu baba yake aliacha watoto wangapi, na wake wangapi? Akisita kujibu, nipigie usiku huohuo.

Mama yako