Hedi Ikishaskimiwa Mara Mbili, Pima Kabla ya Kufunga

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbagala aliniandikia: "Shikamoo kaka. 4A ya mteja ilichemsha, hedi imeskimiwa mara ya pili, sasa injini inagonga nikikanyaga mafuta. Nifanyeje?" 4A ni injini ya Toyota; hedi ni kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda juu, na kuskimu ni kuuchonga uso wake ili unyooke. Nilikaa na swali hilo muda. Jambo hilohilo lilinigharimu injini nzima.

Ilikuwa Ilala, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza kushika kazi bila mwalimu. Carina ya mzee mmoja ilichemsha, hedi ikapinda. Nikaipeleka kuchongwa na kumwambia fundi wa mashine, "Toa kidogo tu." Kumbe kuna aliyenitangulia kusema hivyohivyo. Nikafunga, ikawaka vizuri, nikapokea hela yangu. Siku ya tatu tulipanda mlima wa Kimara tukiwa watu wanne, kiyoyozi kinafanya kazi, injini ikaanza kulia kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Nikamwambia mzee ni mafuta mabaya. Mwezi haukuisha, pistoni ikavunjika ukingo wa ringi. Mzee akaivuta gari yake hadi gereji nyingine, na fundi wa huko akaniita muuaji wa injini mbele ya watu. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu alisema kweli.

Tatizo letu tunachanganya mambo mawili: presha ya silinda na uwiano wa mgandamizo. Kile kipimo cha mshale tunachofunga kwenye tundu la plagi kinasoma presha, nayo hushuka ringi zikichoka au valvu zikivuja. Uwiano wa mgandamizo ni ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini kabisa, ugawe kwa ujazo unaobaki ikiwa juu kabisa. Ringi mbovu haziugusi. Kuskimu kunaugusa.

Chukua hiyo 4A-FE. Silinda ina kipenyo cha mm 81, pistoni inatembea mm 77. Kwa sentimita: 8.1 × 8.1 × 0.7854 × 7.7, unapata cc 396.8 (0.7854 ni robo ya pai). Kiwandani uwiano wake ni 9.5 kwa 1, kwa hiyo nafasi inayobaki juu ni 396.8 ÷ 8.5 (9.5 toa 1), yaani cc 46.7. Hedi ikiliwa mm 1 kwa jumla, na mdomo wa chumba cha mwako, lile shimo la ndani ya hedi, ukiwa karibu na upana wa silinda, zinapotea kama cc 5. Zinabaki 41.7. Jumlisha na 396.8, gawanya kwa 41.7: 10.5. Milimita moja tu! Mchanganyiko wa hewa na petroli unapata joto kupita kiasi, sehemu yake inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Ndiyo ile misumari.

Siku hizi sifungi hedi iliyochongwa bila kuipima, na sina injini iliyorudi kwa kugonga. Funga plagi na valvu, paka grisi mdomo wa chumba, kandamiza plastiki ngumu angavu yenye tundu dogo. Kwa bomba la sindano la duka la dawa ingiza ATF, yale mafuta mekundu ya giaboksi ya otomatiki, taratibu, ukiinamisha hedi kidogo ili povu litoke. Andika cc ulizoingiza. Kisha pima gasketi ya zamani iliyokwisha kandamizwa, bakuli la kichwa cha pistoni, na pengo kati ya pistoni na uso wa bloku. Jumlisha vyote kwa cc; hiyo ndiyo nafasi inayobaki juu, nayo uipigie uwiano kama nilivyofanya. Uwiano ukizidi ule wa kiwandani, tafuta gasketi nene au hedi nyingine. Kurudisha taimingi nyuma, yaani kuchelewesha cheche ya plagi, kunapunguza kelele, lakini uwiano unabaki palepale.

Ndugu zangu mafundi, pimeni. Mteja amekopa kununua hiyo gari, anapeleka watoto shule nayo, na sisi tunamwambia "kidogo tu" bila kujua kidogo hicho ni kiasi gani. Dakika ishirini za sindano hazimfilisi mtu. Pimeni!

Na wewe mdogo wangu wa Mbagala, usiiendeshe tena hiyo gari. Fungua hedi, chukua hivyo vipimo vinne, nitumie. Tutagawanya pamoja.